Za Kuchoma

Watu wa Bagara, pale Babati, walikuwa na sababu mbili za kumcheka Rehani. Ya kwanza, mguu wake ulikuwa unaoza kwa kisukari na bado alikuwa anajaza sukari kwenye chai. Ya pili, zile CD zake. Kabati la sebuleni, ambamo kwenye nyumba nyingine hupangwa vyombo vya wageni, kwake lilijaa CD za geme, zimesimamishwa wima ndani ya makasha yake, na mtu aliyezigusa kwa vidole vya mafuta alitolewa nje kabla hajamaliza chai. "Mguu hauonei huruma, anaonea huruma CD!" walisema kijiweni, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Watu bwana, wakipata cha kucheka hawaulizi anayechekwa amelala wapi.

Alikuwa amelala Moshi, wodini, na madaktari walishasema mguu ukatwe chini ya goti. Huku Babati alibaki mkewe Siti, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Sabrina, pamoja na binti yao Sabrina wa darasa la tano, na mama yake Rehani, Bi Zawadi, aliyeshuka kutoka Bonga kuja kusaidia nyumba. Na siku hiyo Siti alikuwa amesimama sebuleni na sinia la chai, mbele ya mgeni aliyekalia kiti cha Rehani bila kukaribishwa.

Mgeni aliitwa Cornel. Alitoka Arusha, na kazi yake ilikuwa kununua vitu vya zamani na kuwauzia wazungu wanaovipenda: redio za mbao, saa za ukutani, na sasa geme. Alitoa CD moja kwenye kasha, akaielekeza dirishani, akafumba jicho moja.

"Hii imeoza."

"Imeoza vipi, kaka yangu? Si plastiki hiyo?" Siti aliuliza.

"Tazama. Unaona vitundu? Mwanga unapita. Unyevu umeingia umekula ile rangi ya ndani. Umri huo, mama, hata CD zina umri." Akaitupa kwenye kochi, akachukua nyingine. Hii ilikuwa nyeusi tumboni, nyeusi kabisa, na alipoigeuza ikatoa mwanga wa zambarau. Cornel akaisogeza karibu na macho. "Hii ndiyo kitu. Hizi za tumbo jeusi ni original. Umesema alizipata wapi?"

"Baba yake mdogo alikuwa baharia Tanga. Kila safari alimletea."

"Na huku zimetunzwa hivi!" Akacheka, akafuta vumbi kwenye suruali yake kana kwamba amekaa ghalani. Kabati hilo Siti alikuwa amelifuta asubuhi ile ile.

Simu ilikuwa mezani, imewekwa spika, na Rehani alikuwa anasikiliza yote kutoka kitandani kwake. "Cornel," alisema, sauti imekauka lakini ina nguvu, "usimtishe mke wangu. Zinazosoma ni nyingi. Sema bei yako."

Cornel alisema. Ilikuwa bei ya kumfanya Siti aweke sinia chini. Alitaka zile original tu, zinazosoma, kila moja na kasha lake, na angerudi Jumamosi kuzichukua.

"Sawa," alisema Rehani. "Ila kabla hazijatoka nyumbani kwangu zichomwe kwanza. Zote zinazosoma, original na zisizo original. Mama Sabrina, umenisikia? Zipeleke kwa Allen azichome."

Sasa hapa naomba tuelewane, maana si kila mtu amewahi kukaa kwenye banda la geme. Watu wa kompyuta wakisema kuchoma CD hawasemi habari za moto. Wanasema kuyachukua yaliyomo kwenye CD hii na kuyatia kwenye CD nyingine tupu, ili hiyo ya kwanza ikifa au ikiuzwa, geme lenyewe libaki. Siti alilijua neno hilo tangu mwaka alioolewa, wakati mkoa ulikuwa ndio kwanza umezaliwa na makao yake Babati, watoto wa maofisa wapya wanajaa kwenye banda la geme alilokuwa nalo Rehani siku hizo mpaka wengine wanacheza wamesimama. Kwake lilikuwa neno la kazi kama maneno mengine.

"Mtu wa mguu mmoja atafanya nini Babati?" Rehani aliendelea, wala hakujali kwamba Cornel yupo. "Nitabeba magunia ya mbaazi? Nitaendesha bodaboda? Kazi yangu iliyobaki ni ya kukaa, Mama Sabrina. Hela ya hizo original tutanunua mashine na tivii. Zile zilizochomwa ndizo watu watacheza. Siku hizi hata wale vijana wangu wa zamani wana vitambi na mishahara, watakuja kukumbuka utoto wao. Nitakaa mlangoni na fimbo yangu, nakusanya. Bila hivyo hela ya Cornel tutaila iishe, na mimi nitakaa barazani nitazamwe kama maiti iliyochelewa kuzikwa. Nimemwambia daktari hivyo hivyo. Kama sina kazi ya kukaa, aniache nife na miguu yangu yote miwili."

Hakuwa anatania. Mara mbili walimpelekea karatasi ya kukubali kukatwa, mara mbili aliisukuma. Ni simu ya Cornel tu, ya kuulizia zile geme, ndiyo iliyomfanya asaini. Na daktari alikuwa amemwambia Siti waziwazi kwamba mpaka dakika ya mwisho mgonjwa anaruhusiwa kubadili mawazo, na akibadili, sumu ya mguu ule itapanda na haitamsubiri.

"Nesi ameniuliza mguu wenyewe uende wapi," Rehani alisema, na sasa alikuwa anacheka. "Ama ndugu wauchukue wakauzike, ama wauchome wao kwenye tanuri la hospitali. Nikamwambia, nani atapanda basi na mguu mpaka Babati? Konda atamkatia tiketi yake! Basi tumegawana. Wao watachoma mguu, wewe choma CD."

Cornel alicheka mpaka chai ikamwagika. Siti alichukua kitambaa akafuta meza.

*

Allen alikuwa na duka la steshenari karibu na stendi, fotokopi mbele, kompyuta nyuma. Siti alimkuta na foleni, akasimama pembeni. Alihudumiwa aliyekuja kabla yake, akahudumiwa aliyekuja baada yake, hata mwingine aliyeingia anazungumza na simu akahudumiwa.

"Mambo, mama," hatimaye Allen alisema. "Una nini cha kutoa kopi?"

"Nataka kuchoma CD. Za geme. Za Rehani."

"CD?" Allen alitazama waliokuwepo kabla ya kumtazama yeye. "Oya, huyu mama anataka kuchoma CD. Mwaka huu! Watu wako kwenye simu za kugusa, yeye anataka geme za enzi za mkoa kuanza."

Vijana wawili waliokuwa wanangoja barua zao wakacheka. "Sista, unacheza mieleka au mpira?" mmoja akauliza. "Nikufuate nyumbani unifunge?" Siti alijikaza, akawatabasamia kama mtu aliyeambiwa jambo la heshima, maana hakukuwa na kompyuta nyingine Babati yenye kifaa cha kuchomea kinachofanya kazi.

Allen hakuwa mtu mbaya, alikuwa anapenda kuchekesha watu tu. Vijana walipoondoka alishusha sauti. "Mzee Rehani nilikuwa nacheza kwake natoka shule. Vipi mguu?"

"Jumatatu wanakata."

"Duh. Pole sana." Akakuna kichwa. "Nitachoma, mama. Lakini sikiliza. Umeme wenyewe unaujua, nikikupigia simu uje mbio. Niletee zinazosoma tu, sitaki kuhangaika na mbovu. Zitoe kwenye makasha kabisa, yatanijazia meza. Na CD tupu lazima nizilipie kwanza, kwa hiyo utangulize hela kidogo."

Hela kidogo hiyo Siti hakuwa nayo. Iliyokuwepo ilikuwa kwenye kikoba, mfuko wa akiba wa wanawake wa mtaa wa Nakwa, mikononi mwa Mama Joyness, na kuitoa kabla ya siku yake kulihitaji kuomba, kuomba radhi na kutazamwa. Alirudi nyumbani akiwaza namna atakavyoanza kusema.

*

Jumatano mchana Siti na Bi Zawadi walikaa mkekani wakazipangusa CD zote, moja moja. Bi Zawadi alizishika kwa ncha za vidole, kwa woga.

"Mama, usizungushe kitambaa. Kutoka katikati kwenda nje, hivi. Rehani ndivyo anavyofanya."

"Kama kumpangusa mtoto tongotongo."

"Hivyo hivyo."

Bi Zawadi alizaliwa Mgorowa huko Bonga, akaolewa na mfanyabiashara Mwislamu aliyetoka Tanga, akabadili dini na jina, lakini Kiswahili chake kilibaki cha kujifunza ukubwani, cha kununulia chumvi na kuulizia hali. CD aliziita visahani. Zamani, Rehani alipokuwa amempelekea nyumbani mzigo wa vitu, yeye alichukua visahani vinne akavitundika shambani kwenye mtama vitishie ndege. Vilimeta vizuri mno. Rehani alipoviona alimfokea mama yake mbele ya majirani, maneno ambayo mtoto hamwambii mama, kisha akakaa mwezi mzima hajapiga simu kumsalimia.

"Yale yalikwisha, mama," Siti alisema alipoona anavyozishika.

"Kwake yamekwisha. Mimi tangu siku ile sijagusa hivi visahani. Hata nikifagia hapa, nalizunguka kabati." Akaiweka moja chini taratibu. "Leo ni wewe umeniambia nishike, ndiyo nashika."

Jioni, Bi Zawadi alipokwenda kulala mapema kwa sababu ya kiuno, Siti na Sabrina waliiwasha mashine ya zamani wakazijaribu. Iliyosoma ilienda huku, iliyogoma ikaenda kule. Zilizogoma Siti alizirudisha kwenye makasha na kuzipanga kabatini, zisije zikachanganyika na nzima. Nzima zote, zikiwa uchi bila makasha, alizipanga kwenye ndoo ya rangi aliyoiosha na kuikausha, akaiweka karibu na mlango wa uani, tayari kwa safari ya kwa Allen. Alilala ameridhika. Hata yeye alishangaa zilivyokuwa nyingi zilizo hai.

Mlango wa uani, sasa. Kila asubuhi ndoo ya taka za nyumba ile ilisimama hapo hapo, na kila asubuhi Bi Zawadi, ambaye hakupenda kula cha mkwe bila kufanya kazi, aliibeba akaenda kuchoma taka shimoni nyuma ya choo.

*

Allen alipiga simu Alhamisi, Sabrina akiwa shule. "Mama, umeme upo, njoo faster, hawa jamaa hawaaminiki." Siti alijifunga kanga ya pili mbio mbio. Lazima kwanza apite Nakwa kwa Mama Joyness achukue hela, arudi abebe ndoo, ndipo ashuke stendi. Kuibeba mpaka kwa Mama Joyness hakuona maana, wangemcheka tena.

"Mama, mimi natoka mara moja," alisema akivaa ndala. "Zile kwenye ndoo ndizo za kuchoma, zile."

Bi Zawadi aliiacha mboga aliyokuwa anachambua. "Za kuchoma? Zote?"

"Zote, mama. Mwanao mwenyewe ameshasema."

"Rehani amesema?"

"Amesema kwa mdomo wake," Siti alijibu, na tayari alikuwa getini.

Mama Joyness alimweka kibarazani. Alitaka kujua kwanza kama Rehani anaendeleaje, halafu kwa nini ndugu zake wa Tanga hawachangii, halafu hela ya kikoba inakwenda kufanya nini hasa. Siti alipomwambia, alipiga makofi. "CD! Mumeo anakatwa mguu, wewe unakopa kwa ajili ya CD za watoto! Mama Sabrina, nakuheshimu, lakini hapo umenichosha." Aliwaita wanachama wengine wawili waje washuhudie, ili baadaye asilaumiwe, na hao wawili nao walitaka kuelezwa upya. Siti alieleza upya. Alipopewa hela alishukuru kwa magoti kuliko ilivyostahili.

Aliporudi aliona moshi mweusi unapanda upande wa kwao, unalala na upepo kuelekea mlima Kwaraa. Akadhani ni watu wanaochoma tairi. Harufu ilipomfikia, ya plastiki, alikuwa anakaribia geti, na hata hapo hakuelewa. Akili haiendi yenyewe mahali pa namna ile.

Bi Zawadi alikuwa sebuleni, amekaa mkekani mbele ya kabati lililo wazi. Alikuwa anazipangusa zile CD mbovu, kutoka katikati kwenda nje.

"Pole na jua, mwanangu," alisema akiwa amefurahi. "Kule nimemaliza. Zilikuwa ngumu kushika moto, nikaongeza mafuta ya taa. Hata moja sijabakiza. Nimeona na hizi alizochagua zikae nizipanguse vizuri, akirudi azikute."

Siti alikimbia uani. Ndoo ilikuwa tupu, imesuuzwa na kupinduliwa ikauke. Shimoni kulikuwa na donge moja, jeusi, linachemka pembeni kama uji ulioungulia kwenye sufuria, na huku na huku limeshika kipande cha fedha kinachometa. Aliingiza mkono. Aliuingiza kabisa, akashika, ngozi ya vidole viwili ikabaki kule, na alichovuta kilikuwa uzi mrefu wa plastiki. Alikaa chini kwenye majivu akalia kwa sauti, bila aibu, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Nini? Nini, mwanangu?" Bi Zawadi alikuwa amemfuata, anachechemea.

"Nani alikwambia uzichome?"

"Wewe! Si umesema za kuchoma? Nikakuuliza, zote? Ukasema zote, Rehani mwenyewe amesema."

"Umemuua!" Siti alipiga kelele. "Umemuua mwanao, unasikia? Jumatatu wanamkata mguu na wewe umeshamuua!"

Maneno yale yalimtoka na hakuna wa kuyarudisha. Bi Zawadi alitazama shimo, akatazama vidole vya mkwewe, akaingia ndani akatoka na maji ya baridi na unga wa ngano, akamshika mkono, akaumwagia maji na kuupaka unga.

"Kuchoma ni nini, basi?" aliuliza baadaye sana. "Nifundishe."

Siti alimfundisha. Alisema habari za kompyuta, za CD tupu, za kuhamisha geme lisipotee. Bi Zawadi alisikiliza kama mtoto mbele ya mwalimu.

"Kwa hiyo nyie mkisema kuchoma, maana yake ni kutunza."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilifikiri ameyaacha mambo hayo. Nikasema, alhamdulillah, mwanangu amekuwa mtu mzima. Nilizichoma huku namwombea." Akamfunga Siti kitambaa vidoleni. "Lugha gani hiyo, Mama Sabrina?"

Siti mwenyewe ndiye aliyesema, yeye ndiye aliyeulizwa akasisitiza, yeye ndiye aliyeiweka ndoo mahali pa taka. Alilijua hilo, na lilimkera zaidi kuliko kama kosa lingekuwa la bibi peke yake. Alipoinuka kwenda kumpokea Sabrina, alimkuta Bi Zawadi anafunga furushi la nguo zake.

"Unakwenda wapi?"

"Bonga. Rehani alipozikuta nne kwenye mtama alinifanya mbwa. Hizi je?"

"Ukiondoka atauliza kwa nini umeondoka. Nitamwambia nini?" Siti alilichukua lile furushi akaliweka chini ya kitanda chake mwenyewe. Hakumwomba msamaha kwa lile neno alilomtupia. Alitaka, ila lilikataa kutoka.

*

Jumamosi Cornel alikuja na begi tupu kubwa. Siti alimwambia palitokea ajali ya moto, basi, hakueleza zaidi. Cornel alifungua kabati, akatoa moja, akaielekeza dirishani, akatoa nyingine. Alisonya.

"Nimetoka Arusha kwa ajili ya hizi?"

"Samahani, kaka."

"Mama, ungenipigia tu. Simu ni shilingi ngapi?" Akazunguka sebuleni kwa hasira, kisha akasimama mbele ya rafu ya chini ya kabati ambako Siti alikuwa amepanga makasha matupu ya zile zilizoungua. Akachukua moja, akalifungua, akalisoma. "Haya ndiyo yenyewe? Na vitabu vyake vya ndani vipo?" Uso ulimrudia. "Kuna watu wana CD lakini hawana makasha. Haya nachukua. Na haya ya mbovu pia."

Akapiga magoti, akawa anafungua kasha moja moja, anaziangusha CD mbovu mkekani na kuyatia makasha begini. Alilipa. Haikufika hata robo ya ile bei ya mwanzo, na Siti aliipokea kwa mikono miwili. Mlangoni Cornel aligeuka akaonyesha lile rundo kwa kidole.

"Hizo zitundikeni kwenye mtama, zitatisha ndege vizuri sana," alisema, akaenda zake.

Bi Zawadi alikuwa pale pale kizingitini. Aliingia, akaanza kuziokota.

*

Rehani alipiga simu Jumapili, magharibi imeingia, Bi Zawadi ndio ametoa salamu ya mwisho ya swala na hajainuka kwenye mswala. Siti aliweka spika kwa mazoea, na alipokumbuka ilikuwa imeshachelewa.

"Mama Sabrina. Kesho asubuhi mimi ni wa kwanza."

"Mungu atakusimamia."

"Wameniletea karatasi nyingine hapa, ya usingizi. Nimewaambia wangoje niongee na nyumbani kwanza." Nyuma yake mgonjwa mwingine alikuwa anakohoa. "Niambie. Zile CD zimechomwa?"

Siti alitazama vidole vyake vilivyofungwa kitambaa. Alitazama kabati.

"Zimechomwa."

"Zote?"

"Zote. Hata moja haikubaki."

"Alhamdulillah!" Ilikuwa sauti ya zamani, ya bandani, alipokuwa akipaza kuwaambia watoto muda wa fulani umekwisha. "Alhamdulillah. Sasa wakate. Wakate hata yote miwili! Na Cornel amekuja?"

"Amekuja. Amebeba."

"Umefanya kazi ya mwanaume, mke wangu. Peke yako, na umeme wa Babati?"

"Mama alinisaidia," Siti alisema, na hapo hapo akajuta.

"Mama? Mama yangu mimi?" Rehani alicheka, kicheko cha kweli, kirefu, mpaka kikageuka kikohozi. "Mama yangu amechoma CD! Hebu mpe simu. Mpe nimsalimie."

Siti alimsogezea. Bi Zawadi aliishika kwa mikono miwili, kwa ncha za vidole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, yale mambo ya mtama, nilikukosea. Nilikuwa na hasira za kijinga. Nisamehe kabla sijaingia kule ndani. Na asante kwa kuzichoma CD zangu. Umenisaidia kuliko watu wote. Nikirudi tutakaa wote bandani, utaona."

Bi Zawadi alivitazama vidole vya Siti vilivyofungwa kitambaa. "Haya, baba," alisema. "Saini. Saini ulale."

"Nasaini, mama. Nasaini sasa hivi."

Simu ilikatika. Sabrina, aliyekuwa anaandika kazi za shule kwenye kona, alimtazama mama yake, akainamisha kichwa akaendelea kuandika. Siti alisogea akakaa chini karibu na mama mkwe wake, mabega yakigusana, na wakakaa hivyo mpaka sebule ikaingia giza bila mtu kukumbuka kuwasha taa.

"Amefurahi?" Bi Zawadi aliuliza.

"Amefurahi sana."

"Na huo mguu, wakishaukata, wanaupeleka wapi? Wanauzika?"

Neno lile lile lilikuwepo mdomoni. Siti alilishika.

"Sijui, mama," alisema. "Nadhani wanautunza."

Bi Zawadi aligeuka taratibu akamtazama, wala hakuuliza tena.